Flashi na Shata: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapiga Picha wa Sherehe

Majibu haya ni ya wapiga picha wa harusi, send-off, ubatizo na mahafali, watu wanaofanya kazi usiku ndani ya kumbi zenye taa za zambarau kwa wateja wasiotaka kusikia kwamba mwanga ulikuwa mbaya. Wa studio naye atapata chake, ila mifano mingi ni ya ukumbini. Maneno ya kwenye menyu nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye skrini ya kamera, maana ndiyo utakayoyatafuta.

Kulandanisha flashi na shata ni nini hasa?

Ni kuhakikisha flashi inawaka wakati sensa nzima iko wazi. Basi. Ugumu wote unatokana na jinsi shata ilivyoundwa.

Kamera nyingi zina shata ya mapazia mawili yaliyo mbele ya sensa. Ukibonyeza, pazia la kwanza linashuka na kuifungua sensa. Muda uliouweka ukiisha, la pili linashuka nyuma yake na kuifunika. Yote mawili hutembea kwa mwendo uleule, na kwenye kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 safari hiyo ya milimita 24 huchukua kiasi cha sekunde 1/250 hadi 1/300. Mwendo huo haubadiliki hata ukiweka 1/8000. Kinachobadilika ni muda ambao pazia la pili linasubiri kabla ya kulifuata la kwanza. Kasi ikiwa kubwa, la pili linaondoka kabla ya la kwanza kufika, na sensa inapata mwanga kupitia upenyo mwembamba unaoshuka kutoka juu hadi chini.

Flashi nayo huwaka mara moja, tena kwa muda mfupi mno. Nikon SB-900, kwa mfano, ikitoa nguvu zote huwaka kwa sekunde 1/880. Ukiishusha hadi nguvu ya 1/128, huwaka kwa 1/38500. Mwako wa namna hiyo ukikuta upenyo mwembamba tu uko wazi, utaandika upenyo huo na kwingine kutabaki giza. Kwa hiyo kila kamera ina kasi ambayo juu yake sensa haiwi wazi yote kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo kasi ya ulandanishi, na kwenye vitabu vya kamera huandikwa kwa alama ya X.

Mbona picha zangu zina ufito mweusi upande wa chini?

Umeipita kasi hiyo. Tuseme kamera yako inaishia 1/200 na wewe umeweka 1/320. Pazia la kwanza linapofika mwisho na flashi kuamriwa iwake, la pili limeshaanza kushuka na limefunika sehemu ya juu ya sensa. Lenzi huipindua taswira, hivyo juu ya sensa ndiko chini ya picha. Ukiishika kamera wima, ufito unahamia ubavuni, na hapo ndipo wengi wanapoanza kuilaumu lenzi.

Mchana ufito hauwi mweusi. Sehemu iliyofunikwa bado ilipata mwanga wa jua kabla ya flashi kuwaka, kwa hiyo unaona kivuli hafifu tu kinachokatiza magotini. Kwenye skrini ndogo ya kamera hakionekani vizuri. Kwenye albamu kinaonekana.

Flashi ya kampuni ileile ya kamera, au inayoelewana nayo kikamilifu, kwa kawaida haiachi jambo hili litokee: kamera inaitambua na inakataa kupita kikomo. Ufito ni ugonjwa wa triga (vifaa vya kuiamsha flashi kwa mbali) za bei ndogo na flashi zenye pini moja tu chini, ambazo kamera haijui kama zipo.

Nitajuaje kamera yangu inaishia ngapi?

Kamera nyingi zinazozunguka mikononi mwa watu ziko kati ya 1/160 na 1/250. Canon 5D Mark III ni 1/200. Canon 6D na 6D Mark II ni 1/180, chini kidogo ya wengi wanavyodhani. Nikon D3500 na D750 ni 1/200, D850 ni 1/250. Sony A7 III ni 1/250.

Ukiwa na triga, usiamini kitabu peke yake, pima. Ingia chumba chenye giza jioni, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, weka M (kila kitu unakichagua mwenyewe), kisha piga kwa 1/125, 1/160, 1/200, 1/250 na 1/320 bila kubadilisha kitu kingine. Kuza kila picha na uangalie ukingo wa chini. Kasi ya mwisho isiyo na kivuli ndiyo yako. Triga ya redio huongeza ucheleweshaji mdogo, na kamera ya 1/200 inaweza kukuonyesha ukingo umeanza kufifia kwenye 1/200 hiyohiyo. Hapo rudi 1/160 uendelee na kazi. Tofauti hiyo mteja hataiona.

Kwa nini hawatengenezi shata ya haraka zaidi?

Wamejitahidi. Kamera nyingi za zamani zilikuwa na mapazia yanayokatiza kutoka ubavu hadi ubavu, safari ya milimita 36. Nikon F ya mwaka 1959 iliishia 1/60. Walipogeuza mapazia yakaenda juu kwa chini, safari ikafupika hadi milimita 24, na Nikon FM2 ya 1982 ikafika 1/200. Zaidi ya hapo pazia linatakiwa kuondoka, kukimbia na kusimama ghafla bila kutetemesha kamera, na chuma kina mipaka yake.

Shata ya ndani ya lenzi ni jambo jingine. Hiyo hufunguka kutoka katikati kwenda nje, hivyo haina upenyo unaotembea. Hasselblad za filamu zenye lenzi za aina hiyo zilipiga na flashi hadi 1/500, na Fujifilm X100 na warithi wake hutumia njia hiyohiyo.

Ukumbini niweke kasi gani?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo twende polepole.

Unapopiga na flashi unapiga picha mbili ndani ya moja. Ya kwanza ni ya ukumbi: taa, mapambo, mishumaa, wageni waliokaa nyuma. Hiyo inategemea kasi ya shata, tundu la lenzi (ile namba ya f/) na ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga). Ya pili ni ya mtu aliyemulikwa na flashi. Hiyo inategemea nguvu ya flashi, umbali, tundu na ISO. Kasi ya shata haimo, kwa kuwa flashi imewaka na kuzimika ndani ya muda mfupi kuliko huo. Ukishuka kutoka 1/200 hadi 1/50, uso wa bibi harusi unabaki karibu vilevile, ila ukumbi ulio nyuma yake umepata mwanga mara nne.

Chukua wakati wa kukata keki. Maharusi wamesimama, MC anahesabu, wageni wamenyanyua simu. Kijana mwenye kamera mpya anaweka 1/200, f/4, ISO 400, flashi imetazama mbele. Nyuso zinatoka safi, lakini nyuma yao ni kiza kitupu, kana kwamba keki imekatwa uwanjani usiku wa manane. Kamati ililipa pesa nyingi kwa mapambo na hayaonekani. Mahali palepale weka 1/60, f/4, ISO 1600, geuza kichwa cha flashi kitazame dari. Kati ya mipangilio hii miwili, mwanga wa ukumbi umeongezeka kama mara kumi na tatu, na flashi kwenye TTL, yaani nguvu yake ikipangwa na kamera, itajipunguza yenyewe ili nyuso zisiungue. Sasa taa za nyuma zinaonekana, maua yanaonekana, na mama mzazi aliyekaa meza ya mbele anatambulika.

Mimi huanzia hapo: M, 1/60 hadi 1/80, f/3.5 au f/4, ISO 1600, flashi TTL ikigonga dari. Halafu nabadilisha kitu kimoja tu kulingana na ukumbi, nacho ni ISO. Ukumbi wa giza sana, 3200. Ukumbi wenye taa nyingi, 800.

Angalia dari lakini. Kumbi nyingi siku hizi zimefunikwa vitambaa juu, na kitambaa cha dhahabu hurudisha mwanga wa dhahabu usoni. Rangi ikiharibika, gonga ukuta ulio wazi au tumia kadi nyeupe juu ya flashi.

Kwa 1/60 mtu anayecheza hatatoka na ukungu?

Inategemea ni mwanga upi unaommulika. Kama mwanga wa ukumbi unaomwangukia yeye uko stopu mbili au zaidi chini ya ule wa flashi (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu), kinachomwandika kwenye sensa ni flashi, na mwako wa 1/1000 ya sekunde unamgandisha hata akiruka. Shida inakuja fundi wa taa anapomwelekezea taa kali ya jukwaani, au mtu wa video anaposimama pembeni na LED yake. Sasa kuna mianga miwili mikubwa juu ya mtu mmoja: flashi inamgandisha, taa inaendelea kumwandika akisogea. Matokeo yake ni mkono wenye kisu ulio wazi, na pembeni yake mkono mwingine wa kivuli. Ukiuona, panda hadi 1/125 au zaidi, ukubali mandhari ya nyuma yapungue kidogo. Au muombe mtu wa video apunguze taa. Kukubali ni hiari yake.

TTL inapunguza mwanga bibi harusi akivaa gauni jeupe. Hilo nalo ni la ulandanishi?

Hapana, lakini linaulizwa kila mara. Flashi hurusha mwako mdogo wa kupimia kabla ya mwako wenyewe, na kamera huamini kilichorudi. Gauni jeupe hurudisha mwanga mwingi, kamera ikadhani imezidisha, ikapunguza. Ongeza +2/3 hadi +1 kwenye flashi. Kwa mabwana wenye suti nyeusi fanya kinyume, punguza kidogo. Wakisimama pamoja, pima uso kwa kitufe cha kufunga kipimo cha flashi, ambacho Canon huita FEL na Nikon huita FV lock.

Alama ya SLOW ni ya nini?

Ukipiga kwa P au A kwenye Nikon, ambako kasi ya shata inachaguliwa na kamera, kamera kwa kawaida haishuki chini ya 1/60 flashi ikiwa imewashwa, hata giza liweje. SLOW inaiondolea kizuizi hicho: kamera inapima ukumbi na kuchagua kasi inayotosha, hata kama ni robo ya sekunde. Kwenye Canon mambo yamegeuzwa. Av, ambayo ndiyo A ya Nikon, inashuka yenyewe bila kuombwa, na ukitaka isishuke unaingia kwenye mpangilio wa kasi ya flashi katika Av na kuchagua ule ulioandikwa 1/200-1/60.

Ndiyo sababu mtu aliyehama kutoka Nikon kwenda Canon hulalamika wiki ya kwanza kwamba kila picha ina ukungu. Kamera ni nzima, ila Av inafanya ilivyozoea.

Ushauri wangu: ukumbini usitumie SLOW wala Av. Kamera inapochagua kasi, inabadilisha kila unapogeuka: ukitazama jukwaa inatoa 1/80, ukitazama meza za nyuma inatoa 1/5. Kwa M na 1/60 unajua unachopata. SLOW ina raha yake nje, jioni, watu wamesimama, kamera iko kwenye stendi, na anga bado lina rangi.

Na REAR? Wanasema ndiyo siri ya mafundi.

Inasifiwa kuliko inavyostahili. Kwa kawaida flashi huwaka pazia la kwanza linapomaliza kufungua. Kwenye REAR huwaka mwishoni, muda mfupi kabla ya pazia la pili kuondoka. Kwa 1/60 au haraka zaidi huwezi kuona tofauti, kwa sababu mwanzo na mwisho vimekaribiana mno. Tofauti inaonekana kuanzia 1/15 kushuka chini, tena kukiwa na kitu chenye mwanga kinachosogea.

Gari la maharusi likiondoka usiku ni mfano mzuri. Piga kwa nusu sekunde flashi ikiwaka mwanzoni: gari linagandishwa lilipoanzia, kisha mistari ya taa inaendelea mbele yake, na kwenye picha gari linaonekana kama linarudi nyuma. Kwa REAR mistari inachorwa kwanza na gari linagandishwa mwishoni, taa zikiburuzika nyuma. Hapo inafaa sana.

Kwa watu ina kero. Ukitumia TTL, mwako wa kupimia unatoka mwanzo na mwako mkuu mwishoni. Katika picha ya nusu sekunde watu wanaona miako miwili, wanadhani ya kwanza ndiyo picha yenyewe, wanaanza kucheka na kutawanyika. Mwako wa pili unawakuta wamegeuka. Isitoshe, wewe huchagui tena sekunde ya tukio. Unabonyeza sasa, flashi inawaka baadaye. Kwa maharusi wanaoingia wakicheza, mimi huacha mpangilio wa kawaida.

Jambo moja zaidi: kamera nyingi za Canon haziruhusu pazia la pili zikiwa na flashi au triga zisizoielewa. Menyu inafifia na huwezi kuichagua.

HSS inafanyaje kazi kama flashi haiwezi kupita 1/200?

Inaacha kuwaka mara moja. Kwenye HSS (High-Speed Sync) flashi hupiga miako midogo mingi mfululizo, kwa haraka sana, tangu upenyo unapoanza kushuka hadi unapofika chini. Kwa sensa inakuwa kama taa ya kuwaka moja kwa moja, hivyo kila sehemu inapata mwanga sawa na hakuna ufito. Nikon huuita Auto FP. Si jambo geni: Olympus walilitoa mwaka 1986 na flashi yao ya F280.

Gharama yake ni nguvu. Ukivuka tu mpaka wa kuingia HSS unapoteza kama stopu mbili, yaani unabaki na robo ya mwanga. Na sasa kasi ya shata inaigusa flashi pia: kila ukiongeza stopu moja ya kasi, mwanga wa flashi nao unapungua stopu moja. Betri zinaisha haraka, kichwa cha flashi kinachemka, na baada ya picha nyingi mfululizo kitajizima ili kijilinde.

Inafaa wapi? Ufukweni saa nane mchana. Jua kali, ISO 100, kwa 1/200 inakubidi ufunge hadi f/11, na kila kitu kinatoka wazi: maharusi, ngalawa, wauza madafu, taka. Unataka f/2.8 ili nyuma kufifie. Kutoka f/11 hadi f/2.8 ni stopu nne, kwa hiyo kasi inapanda hadi 1/3200, na bila HSS huwezi kutumia flashi hapo. Ukiwa nayo, sogeza flashi karibu na nyuso, mita moja au mbili, uiweke nguvu ya 1/1 (yote) au karibu na hapo, na usiifunike mwavuli mzito.

Kuna njia nyingine ya mchana bila HSS?

Ipo, na mara nyingi ni bora. Funga mbele ya lenzi kioo cheusi cha ND16, kinachokata stopu nne. Unabaki 1/200, f/2.8, flashi ikiwaka kwa mwako wake mmoja wenye nguvu zote. Kioo kinakata mwanga wa flashi pia, lakini tundu ulilofungua linaurudisha, kwa hiyo hesabu yake ni sawa na f/11 bila kioo. Flashi yenye namba mwongozo (kipimo cha nguvu yake) 36 kwa ISO 100 inafika mita 3 na kitu kwa f/11, kwa sababu unagawanya 36 kwa 11. Kwa HSS usingefika nusu ya njia hiyo. Ubaya wake, kwenye kamera zenye kioo cha kuakisi unachungulia giza na lenzi inatafuta fokasi kwa shida. Au hama uende kivulini, chini ya mkungu au ukuta wa jengo. Bei yake ni sifuri.

Nina flashi yenye HSS lakini kamera inagoma kupita 1/200. Kwa nini?

Huenda kamera yenyewe haina. Familia za Nikon D3000 na D5000, zikiwemo D3500 na D5600, hazina Auto FP hata ukiwekea flashi ya bei gani. D7000 na walioifuata katika mstari huo wanayo, ila lazima uiwashe kwenye menyu ya e1, uchague kasi iliyoandikwa Auto FP pembeni. Kwenye Canon na Godox unaiwasha kwenye flashi au triga, utaona alama ya radi na herufi H. Kama unatumia triga, triga nayo lazima iwe na HSS. Kiungo kimoja kikikosa, mnyororo wote umekatika.

Flashi haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Kwanza angalia kama umeweka shata ya kimya. Kwenye kamera nyingi zisizo na kioo cha kuakisi, shata ya kielektroniki husoma sensa mstari baada ya mstari polepole kuliko mapazia yanavyotembea, kwa hiyo kamera inaizuia flashi isiwake. Rudisha shata ya kawaida. Nikon Z8 na Z9 hazina mapazia kabisa na bado zinapiga na flashi, kwa sababu sensa yao husomwa haraka sana, lakini hizo ni za wachache.

Pili, itazame kamera yenyewe pale juu unapochomeka flashi. Canon 4000D, 2000D na 250D hazina pini ya katikati, ile ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyowasha flashi ya aina yoyote. Flashi ya bei ndogo yenye pini moja haitawaka juu yake. Siyo mbovu, haina pa kugusana. Tafuta flashi au triga iliyotajwa waziwazi kuwa inakubali kamera hizo, na uijaribu dukani kabla hujalipa.

Tatu, chaneli. Kwenye harusi moja mnaweza kuwa wapiga picha watatu, wote na triga za kampuni moja, wote kwenye chaneli 1 kama zilivyotoka kwenye boksi. Flashi yako inawaka mwenzako akipiga, na wewe ukipiga inakuwa bado inajichaji. Badilisha chaneli, na kama triga ina namba ya ID, badilisha na hiyo kabla ya kuingia.

S1 na S2 kwenye flashi ya mbali ni nini?

Ni njia za kuiamsha flashi kwa kuona mwanga wa flashi nyingine. S1 inaitikia mwako wa kwanza inaouona. Kama flashi kuu iko kwenye TTL, mwako wa kwanza ni ule wa kupimia, kwa hiyo ya mbali inawaka mapema, kabla shata haijafunguka. Unaiona kwa macho ikiwaka, lakini kwenye picha haipo. S2 inaupuuza mwako wa kupimia na kusubiri mkuu. Flashi ya juu ya kamera ikiwa M, tumia S1. Ukumbini ziache zote mbili: simu na kamera za wageni zitakuwa zinaiamsha flashi yako usiku kucha.

Ile ya kuzuia macho mekundu niiwashe?

Zima. Inawasha taa au miako ya awali ili mboni za macho zisinyae, na picha inachelewa karibu sekunde nzima. Pete imeshavalishwa. Macho mekundu hutokana na flashi kukaa karibu na lenzi na kutazama mbele. Ukigonga dari hayatokei.

Picha za ukumbini zina mistari ya giza na mwanga hata bila kupita 1/200. Ni shata?

Ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Piga kwa 1/100 au 1/50 na mistari mingi itapotea, maana kila picha inakula mpepeso kamili. LED za jukwaani zilizopunguzwa mwanga hupepesa kwa mwendo wake zenyewe, hapo jaribu kasi moja moja. Flashi haitaondoa mistari ya nyuma, itasafisha nyuso tu. Shata ya kielektroniki huongeza tatizo hili, sababu nyingine ya kuiacha nyumbani.

Nimesikia kuna kamera isiyo na kikomo cha kasi ya flashi.

Ni Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023. Sensa yake husoma picha nzima kwa mpigo mmoja, na flashi inaweza kulandanishwa hadi 1/80000. Hata hivyo, mwako wa nguvu zote ni mrefu kuliko kasi hizo, kwa hiyo kamera inachota kipande tu cha mwako na mwanga unapungua. Kwa bei yake unaweza kununua flashi kadhaa, stendi na miavuli na ukabakiwa na chenji ya lenzi.

Nimepewa flashi ya zamani ya filamu. Naweza kuiweka kwenye kamera yangu ya dijiti?

Pima kwanza. Baadhi ya flashi za zamani, kama Vivitar 283 za mwanzo, hupeleka zaidi ya volti 200 kwenye pini ya katikati, na si kila kamera inavumilia. Weka betri, washa, subiri taa ya utayari iwake, kisha mwombe fundi wa redio apime kwa mita yake kati ya pini ya katikati na bati la pembeni. Linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha kamera yako. Ikizidi, isiguse kamera. Iweke kwenye stendi na uiamshe kwa jicho la mwanga (kifaa kinachoiwasha kikiona flashi nyingine) lililochomekwa chini yake. Jicho likiungua utanunua jingine.